Kidhibiti mmetuuzia, amri zake mnatuficha kwa nini?

Leo sina habari za Python wala sitangazi toleo jipya la kitu chochote. Leo nina ugomvi, na mtanivumilia.

Ugomvi wangu ni na wauzaji wa mashine za viwandani. Mtu anamuuzia mwenzake kidhibiti kwa pesa halali, anapokea malipo, anafunga mashine, anapiga picha za kuweka Facebook, kisha anamnyima karatasi inayoeleza jinsi ya kuongea na hicho kidhibiti. Hatuombi msimbo wa programu yao. Hatuombi michoro ya saketi. Tunaomba jedwali linalosema joto limo katika rejista hii, kiwango cha joto kilichowekwa kimo katika rejista ile, kengele ya hatari imo pale. Kurasa mbili au tatu, basi. Nao wanajibu kwamba hiyo ni SIRI YA KAMPUNI.

Siri gani?

Kwa wale ambao hawajaingia kiwandani ngoja nieleze kwanza, maana najua wengi wenu mnaonisoma ni watu wa tovuti na programu za simu. Kidhibiti cha mchakato ni kile kisanduku kidogo chenye nambari nyekundu zinazowaka, utakikuta kando ya boila, kwenye tanuri la mikate, kwenye chumba baridi cha nyama, kwenye tangi la maziwa. Kinasoma kihisi, kinalinganisha na kiwango ulichoweka, kisha kinafungua au kufunga vali, kinawasha au kuzima hita. Usiku kucha kinafanya hivyo bila kulalamika. Ukikigeuza nyuma, chini ya skrubu za umeme na za kihisi, mara nyingi utaona skrubu mbili zilizoandikwa A na B. Huo ndio mlango wake wa mawasiliano ya siriali, unaitwa RS-485. Waya mbili tu! Kwa waya hizo unaweza kuwa umbali wa mita 1200 ukakiuliza joto ni ngapi, nacho kikakujibu. Na kwenye waya hizo hizo unaweza kufunga vifaa 32 vya kawaida, kila kimoja na anwani yake, kama nyumba za mtaa mmoja.

Lugha inayozungumzwa sana kwenye waya hizo ni Modbus. Kampuni ya Modicon ya Marekani iliichapisha mwaka 1979. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na wazazi wangu walikuwa hawajajuana. Mwaka 2004 ikakabidhiwa shirika linaloitwa Modbus Organization, na kitabu chake unakipakua bure kabisa kutoka kwenye tovuti yao. Hakuna leseni, hakuna kujisajili kwa pesa. Angalia swali lenyewe lilivyo:

01 03 00 00 00 01 84 0A

Baiti nane. Ya kwanza ni anwani ya kifaa, namba moja. 03 ni amri ya kusoma. 00 00 ni rejista ya kuanzia, 00 01 ni idadi ya rejista unazotaka. Mbili za mwisho ni hesabu ya ukaguzi, ili kelele za umeme zikiharibu ujumbe njiani kifaa kijue na kinyamaze. Nacho kinajibu: mimi ni 01, umeniuliza 03, nakupa baiti mbili, 02 78. Geuza 0278 kutoka heksadesimali upate 632. Gawa kwa kumi, kwa sababu desimali haisafiri kwenye waya. Nyuzi joto 63.2. Umesoma joto la tangi la maziwa ukiwa umekaa ofisini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika programu ya kufanya hivyo kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Kwa hiyo itifaki si siri. Ina zaidi ya miaka 40 ikiwa wazi. Kinachofichwa ni kitu kimoja tu, kujua kwamba rejista 00 00 ndiyo joto na si kitu kingine. Ni sawa na kuuziwa nyumba yenye vyumba mia, ukapewa funguo zote, halafu mwenye kuuza akakataa kukuambia jikoni ni mlango upi. Na ukitaka kupika, sharti umlipe yeye aje akufungulie.

(Hata jedwali likipatikana bado kuna ule ugonjwa wa 40001. Vitabu vingine vinaita rejista ya kwanza 40001, kwenye waya inakwenda kama 0, wengine wanaanzia 1. Ukiona namba zako zote zimesogea nafasi moja, usimpigie mtu simu, toa moja. Na A na B nazo watengenezaji hawajakubaliana ipi ni ipi, kwa hiyo kifaa kikikataa kujibu jaribu kubadilishana waya kabla hujaanza kumlaani mtu.)

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Kuna kiwanda kidogo cha maziwa huku kwetu, cha chama cha ushirika, sitakitaja jina wala sitamtaja muuzaji wao, maana sitafuti kesi. Wana tangi la kupasteurisha la lita 500 linalopashwa kwa mvuke wa boila ya kuni. Sheria ya kazi hiyo inajulikana dunia nzima: kwa njia ya tangi, maziwa yanafikishwa nyuzi 63 na kushikiliwa hapo dakika 30 bila kushuka. Kwa mashine kubwa za mtiririko ni nyuzi 72 kwa sekunde 15. Hizo namba hazikutungwa na mtu kwa kupenda, ndizo zinazoua vijidudu vya kifua kikuu na vya brusela ambavyo ng'ombe hukupa bila wewe kujua. Pungufu ya hapo unauza maziwa ya moto tu.

Kumbukumbu zao zilikuwa kwenye kitabu cha kaunta. Kijana wa zamu anatazama nambari nyekundu kila baada ya dakika kumi na kuandika kwa biro. Mwenyekiti wa chama, mzee mmoja makini sana aliyewahi kuwa mwalimu, akafungua kitabu hicho siku moja na kukuta 63, 63, 63, 63 ukurasa baada ya ukurasa, mwezi baada ya mwezi. Akaniita. "Kijana wangu, mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini," akaniambia. "Mtoto akipata jibu moja kila swali, huwa hajafanya hesabu." Alitaka mashine yenyewe iandike joto, mkaguzi akija aone, na mnunuzi wa hoteli akiuliza aonyeshwe.

Nikampigia muuzaji, Nairobi. Fundi wao akanijibu kwa upole, "Bosi, hizo amri hatutoi, ni za kampuni. Lakini tuna programu ya kuangalia, mnalipia kila mwaka." Bei ya mwaka mmoja ilikuwa mara nne ya bei ya kidhibiti. Na programu hiyo ilihitaji intaneti muda wote, maana takwimu za maziwa ya Machakos zilitakiwa ziende kwenye seva yao kwanza ndipo chama kizione. Mnisaidie hapo. Joto la tangi lenu, la ng'ombe wenu, kwa kuni zenu, mnalipia ruhusa ya kuliona.

Nikaenda kukiangalia kidhibiti. Juu ya jina la mtengenezaji kulikuwa na stika ya muuzaji, na kibandiko cha namba ya modeli kilikuwa kimekwanguliwa. Kimekwanguliwa kwa kisu, ndugu msomaji, ungeona mistari. Hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe. Mtengenezaji huko alikotoka huenda ana kitabu chake wazi kwenye tovuti yake, kurasa zote, jedwali lote. Watengenezaji wengi wa vidhibiti hivi vya bei nafuu wanafanya hivyo, kwa kuwa wanataka kifaa chao kinunuliwe. Anayeficha ni mtu wa katikati, na alichokificha si ubunifu wake hata kidogo.

Basi nikatoa kibadilishi cha USB kwenda RS-485, vile vya Luthuli Avenue vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, nikaomba ruhusa ya maandishi kwa mwenyekiti, nikafunga waya. Mtu asiyejua kasi wala anwani anafanyaje? Anauliza. Kasi za kawaida ni chache, 2400, 4800, 9600, 19200. Pariti ni hakuna, shufwa au witiri. Anwani ni 1 hadi 247. Programu fupi inazunguka zote huku wewe unakunywa uji. Cha kuzingatia ni kunyamaza kati ya ujumbe na ujumbe, itifaki inataka kimya cha herufi tatu na nusu, ambacho kwa kasi ya 9600 ni kama milisekunde 4, ukiharakisha kifaa kinachanganya maneno yako mawili kuwa moja na kukunyamazia. Kikajibu kwenye 9600, anwani 1. Kisha nikaanza kusoma rejista moja moja. Na hapa ndipo Modbus inapopendeza: ukiuliza rejista isiyokuwepo, kifaa hakidanganyi wala hakikai kimya. Kinarudisha 83 badala ya 03, na nyuma yake 02, yaani anwani hiyo haipo. Kifaa kikawa mkweli kuliko aliyekiuza.

Rejista zilizojibu zilikuwa chini ya arobaini. Iliyokuwa ikipanda pamoja na nambari nyekundu ndiyo joto. Iliyokaa 630 bila kutikisika ndiyo kiwango kilichowekwa. Iliyokuwa ikirukaruka kati ya 0 na 1000 ndiyo vali ya mvuke. Nyusiku mbili. Sikuandika hata rejista moja, amri yangu ilikuwa 03 peke yake. Kuanzia usiku wa tatu kompyuta kuukuu ya chama ikawa inaweka joto kila baada ya sekunde kumi.

Usiku huo huo wa tatu, kundi la pili. Saa nane na dakika kumi na nne za usiku maziwa yalifika 63.0. Dakika tisa baadaye yakaanza kushuka. Vali ilikuwa imefunguka mpaka mwisho, 1000, na joto bado linashuka, yaani kidhibiti kinaomba mvuke na mvuke haupo. Yakafika 60.9. Yakapanda tena, yakamaliza. Ukijumlisha muda wote yaliokuwa juu ya 63 unapata dakika 19, tena za vipande. Kitabuni? 63, 63, 63, 63. Kuni zilikuwa mbichi, mvua ilikuwa imenyesha. Kijana wa zamu alikuwa peke yake, ndiye anayechochea boila, ndiye anayeosha mikebe, ndiye anayepokea pakiti, na ndiye anayetakiwa kuwa mbele ya zile nambari kila dakika kumi. Mwenyekiti hakumfukuza na alifanya vizuri. Maziwa yalipashwa upya asubuhi kabla hayajatoka, na siku hiyo hiyo wakajenga banda la kukaushia kuni.

Hiyo ndiyo thamani ya ile karatasi "ya siri". Watoto wangekunywa yale maziwa. Mashine ilijua. Ilijua kila sekunde, tangu siku ilipofungwa, na ilikuwa na mdomo wa kusema, ila muuzaji aliufunga mdomo huo ili auze kila mwaka.

Na msidhani ni maziwa tu. Hapa Ukambani maji ni kila kitu. Visima vingi vya sasa vinaendeshwa kwa sola, na kati ya paneli na pampu kuna inverta, na inverta nyingi za pampu zina skrubu zile zile, A na B. Inajua ikiwa kisima kimekauka, inajua ikiwa injini ya pampu inavuta umeme kuliko kawaida, ina namba ya hitilafu tayari ndani yake. Lakini pampu ikisimama, kina mama wanapanga mitungi kwenye jua wakisubiri fundi atoke Nairobi, aje asome namba moja, aandike ankara ya usafiri. Viwanda vikubwa vya saruji vya Athi River havina shida hii. Vina wahandisi wao, vina mikataba, muuzaji hathubutu kuwaletea mchezo. Anayebanwa ni chama cha ushirika, shule yenye kisima, mwenye tanuri la mikate pale Tala.

Najua majibu yao, nimeyasikia yote. La kwanza ni usalama. Wanasema ukimpa kila mtu amri, mtu ataharibu mashine au ataua watu. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine, kwa hiyo niijibu taratibu.

Ni kweli kwamba kuandika si sawa na kusoma. Amri 06 na 16 zinabadilisha rejista, na Modbus ya siriali haina nywila. Anayefika kwenye waya na kusema "weka 90", kidhibiti kinaweka 90. Lakini hebu tazameni kilichotokea Lviv, Ukraini, Januari 2024. Programu mbaya iliyokuja kuitwa FrostyGoop ilituma amri za kawaida za Modbus kwa vidhibiti vya kupasha joto nyumba, na majengo ya makazi zaidi ya 600 yakakaa karibu siku mbili bila joto katikati ya baridi kali. Wenye nia mbaya walipata walichohitaji. Siri haikumzuia mvamizi hata mmoja. Kinachozuia ni kutoweka vidhibiti mahali vinapofikika kutoka nje, na kinachookoa maisha ni swichi ya joto ya kimakanika inayokata mvuke bila kuuliza kompyuta yoyote. Sasa kumbuka ni nani alitaka kuunganisha tangi la maziwa na intaneti muda wote. Ni muuzaji! Mimi nina waya mbili za mita kumi na tano zinazoishia kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Nani hapo anahatarisha nani?

Wakitaka, watoe rejista za kusoma tu na wafunge za kuandika, sitagomba nao. Vidhibiti vingine vina kigezo cha kufanya hivyo. Lakini hawafanyi hivyo, wanafunga zote, halafu wanaita usalama.

La pili ni dhamana, kwamba ukigusa, waranti imekufa. Kusoma rejista hakuchoshi kifaa. Mlango ule umewekwa na mtengenezaji kwa kazi hiyo, na ulilipiwa. Kukiuliza kidhibiti joto ni kama kukitazama usoni, tofauti ni kwamba hukuamka saa nane usiku.

La tatu ni hakimiliki. Hapa wananitania. Namba 0 kuwa joto si utenzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yenyewe inaruhusu mtu kuchambua programu ili apate maelezo ya kuiwezesha ifanye kazi na programu nyingine, na mimi sikuchambua chochote, niliuliza kwa adabu kupitia mlango wa mbele. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming, ilisema kazi inazozifanya programu na mpangilio wa mafaili yake ya data havilindwi na hakimiliki ya programu. Mwaka 2023 jimbo la Colorado kule Marekani likapitisha sheria inayowalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima vitabu, vifaa na programu za kujirekebishia. Wakulima wa Marekani wenye matrekta ya mamilioni walilia kilio hiki hiki. Sisi wa lita 500 tusilie?

Niwakumbushe jambo ambalo sisi watengenezaji programu wa Kenya tunalisahau haraka. Biashara ya SMS nchini humu ilijengwa juu ya amri za siriali. Kabla ya mambo ya API, mtu alichukua modemu au simu kuukuu, akaifunga kwenye kompyuta kwa kebo, akaandika AT. Ikajibu OK. Akaandika AT+CMGF=1, kisha AT+CMGS na namba ya mtu, na ujumbe ukaenda. Amri za AT zilianza na modemu ya kampuni ya Hayes mwaka 1981, na za SMS ziliwekwa wazi katika kanuni za GSM ambazo yeyote anasoma. Kwa sababu hiyo Ken Banks aliweza kutoa FrontlineSMS mwaka 2005, mashirika madogo ya Afrika yakatumia kompyuta moja na simu moja bila kumwomba ruhusa mtu. Wakubwa wetu katika kazi hii walijifunzia hapo. Fikiria kama Nokia wangesema AT+CMGS ni siri ya kampuni!

Na M-Pesa ni vivyo hivyo. Ilianza 2007, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanafunga simu kwenye kompyuta na kusoma SMS za uthibitisho ili kujua nani amelipa. Safaricom walipofungua Daraja mwaka 2017, kila duka la mtandaoni na kila shule ya karo ikaunganisha. Kampuni haikufa kwa kufungua amri. Ilipata wateja wengine.

Wenzangu wa programu nao siwaachi. Tunakaa hapa jirani na Konza, tunaambiwa tuko Silicon Savannah, kila mtu anaandika programu ya kuagiza chakula. Nimesoma shahada nzima ya sayansi ya kompyuta na siku moja tu ndiyo tuliyoongea habari za poti ya siriali, tena kama historia, kati ya disketi na kadi zenye matundu. Historia? Nenda Athi River uone kama RS-485 ni historia. Wauzaji hawa wanaweza kutupiga bei hizi kwa sababu wanajua mhitimu wa kwetu akiona skrubu mbili za A na B anadhani ni za umeme.

Sasa ninachotaka, niseme waziwazi, nisije nikaambiwa napiga kelele tu. Serikali za kaunti zinanunua mashine kila mwaka kwa ajili ya vyama vya ushirika, mitambo ya kupoza maziwa, pampu, vikaushio. Kila zabuni ina orodha ya sifa za mashine, hadi rangi ya rangi yake imeandikwa. Ongezeni mstari mmoja: muuzaji atakabidhi jina kamili na modeli ya kila kidhibiti, mpangilio wa mawasiliano yake, na jedwali la rejista zote za kusoma, kwa maandishi, siku ya kukabidhi mashine. Asiyeweza, asiombe kazi. Haigharimu shilingi. Wahandisi wa kaunti, mnanisoma, nawajua wawili watatu, mstari huo uingizeni hata kesho.

Na wewe mwenye kiwanda kidogo, usimalize kulipa kabla hujashika hizo kurasa. Muulize muuzaji kabla ya kununua, akijibu "tutaangalia" jua hana nia. Angalia kama kibandiko cha modeli kipo. Kikiwa kimekwanguliwa, ondoka.

Kile chama chetu bado kina awamu moja ya malipo ya mashine haijatoka. Wiki iliyopita mwenyekiti ameandika barua kwa mkono wake, hati nzuri ya mwalimu, akanipa nichape. Inaomba jedwali la rejista na jina la mtengenezaji. Nilimwambia jedwali tayari tunalo, nimelichora mwenyewe. Akasema, "Najua. Nataka watuletee wao, wagonge na muhuri." Imepelekwa Nairobi Jumanne, imesainiwa kupokelewa. Hundi ipo kwenye droo yake.